Mwaka Nilipochagua Maziwa

Shomari alizikwa Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri, kule Yombo, na mie nikashindwa kazi yangu. Mie ni Mnyamwezi, yeye alikuwa Mzaramo, na makabila haya mawili ni watani tangu enzi za mababu. Mzaramo akifa, sie ndio tunaokuja kumfanyia vituko msibani, na Mnyamwezi akifa wanakuja wao. Mtani anavaa kofia ya marehemu, anatembea mwendo wake, anaidai familia soda, na waliokuwa wakilia wanacheka kidogo ili wapate nguvu ya kulia tena. Si utovu wa adabu, ndiyo heshima yenyewe. Basi nilipoingia ndani, wanawake wamejaa kwenye mikeka, shangazi yake Shomari akanirushia kofia ya kufuma ya marehemu akasema, haya Mama Maziwa, tuonyeshe mtani wako. Nikaivaa. Nikatembea hatua tatu, bega moja juu kama alivyokuwa akitembea yeye, wakaanza kucheka. Halafu wakangoja. Walikuwa wanangoja kikohozi. Kila aliyemjua Shomari alikijua kikohozi chake: vitatu vifupi, kimoja kirefu, kisha “samahanini jamani.” Nilikuwa nakiigiza kuliko mtu yeyote, nimekiigiza miaka na miaka mbele yake mwenyewe, naye akicheka mpaka anakohoa kweli. Siku ile hakikutoka. Nilisimama katikati ya chumba na kofia ya marehemu kichwani, mdomo wazi, mpaka binti mmoja wa kwetu akaninyang'anya kofia akakohoa yeye. Watu wakacheka, wakasema Mama Maziwa uchungu umemzidi. Laiti ungekuwa uchungu peke yake.

Siku hizi nakaa Goba, kilimani, kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyonijengea mwanangu kwa nguvu zake na kwa maneno mengi. Asubuhi nikifagia uani vumbi linainuka, nami nasimama na fagio mkononi nikilitazama linavyotua, hata wajukuu wananicheka. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Mie wajukuu ninao wanne, na hakuna hata mmoja anayekaa kimya na kunitazama kama jambo hili linavyonitazama. Habari za kwetu Tabora na jinsi nilivyofika mjini naziacha, hazina kosa lolote. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na sita, nafanya kazi kiwanda cha kumimina chuma huko Chang'ombe, wenzangu wamenichagua kuwa mwakilishi wao kwa sababu nilikuwa na mdomo, na mie mwenyewe nikijiona mtu.

Kiwanda kilikuwa kimetoka mikononi mwa serikali miaka michache nyuma. Tulikuwa tunatengeneza vyuma vya majiko, mifuniko ya mashimo ya barabarani na ngoma za breki za malori. Sie wanawake tulikaa chumba cha pembeni tukifinyanga mchanga uliochanganywa na gundi, vile vipande vinavyowekwa ndani ya kalibu ya kumiminia ili chuma kikiganda kibaki na tundu. Chumba chetu kilikuwa na madirisha mawili makubwa, upepo ukiingia huku na kutokea kule, na tulikuwa tunapiga soga kutwa nzima. Upande wa pili wa ukuta ndiko walikokuwa wasagaji. Chuma kikitoka kwenye kalibu kinakuwa na mchanga uliogandia na makapi ya pembeni, na wao walikisugua kwa mawe yanayozunguka kwa umeme mpaka king'ae. Walikuwa wanaume kumi na wawili, Shomari ndiye kiongozi wao. Kule ndani huwezi kusikia mtu akikuita. Saa ya chakula walipotoka nyusi zao zilikuwa nyeupe na kope nyeupe, sie tukiwaamkia shikamoo babu, nao wakiitikia marahaba wajukuu, mtu ana miaka thelathini. Tulikuwa tunachekaga sana kiwandani pale.

Juu ya kila jiwe la kusagia kulikuwa na mdomo wa bomba pana la bati. Mabomba yote yalipanda darini, yakaungana, yakatoka nje hadi kwenye kijumba cha chuma chenye miguu mirefu. Ndani ya kijumba hicho ilining'inia mifuko ya kitambaa kizito, mirefu kuliko mtu mzima. Feni kubwa ilivuta hewa ya kule kwa wasagaji, hewa ikapita kwenye kitambaa, vumbi likabaki, na kila baada ya muda mifuko ikatikiswa na upepo wa mashine, vumbi likaanguka kwenye pipa lililokuwa chini. Wazee wa kiwanda waliuita mtambo ule Mnyonyaji. Walikuwa wameupa jina hilo zamani, wakati redio ilipokuwa ikiwalaani wanyonyaji asubuhi na jioni, wakasema huyu wa kwetu ndiye mnyonyaji pekee tunayemtaka. Nilipoanza kazi Mnyonyaji alikuwa bado ananguruma, lakini wasagaji walishaanza kumnung'unikia. Shomari ndiye aliyekuwa na zamu ya kumwaga pipa, naye ndiye aliyegundua.

Tulikuwa tunakunywa chai kwa mama ntilie wa getini, chapati na maharage ya jana, sote kwenye benchi moja. Shomari aliniambia kwamba zamani pipa lilikuwa linajaa kwa siku mbili, sasa wiki nzima inapita halijajaa, na kazi imeongezeka. Akaniuliza, “Sasa hilo vumbi lingine, Kalunde, linakwenda wapi?” Nikamjibu kwamba Wazaramo kwa njaa yao lazima wanalila. Benchi zima likaangua kicheko, na yeye akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akafuta mdomo akasema taratibu kuwa amepanda ngazi akachungulia. Mifuko imetoboka. Mnyonyaji anavuta vumbi huku na kulitema kule, lile jembamba linarudi ndani kupitia madirishani, na jembamba ndilo linaloingia mtu hadi ndani. Akaniomba nikienda ofisini niliseme hilo kwanza, kabla ya lolote.

Sasa nieleze maziwa, maana asiyewahi kufanya kazi ya vumbi ataona ni jambo la kitoto. Kwetu sie, mtu wa rangi, wa kuchomelea, wa saruji, wa chuma, wote wanajua kwamba maziwa yanasafisha kifua. Hakuna aliyefundishwa, ni kama kujua kwamba tangawizi ni dawa ya mafua. Enzi za serikali kila mfanyakazi alipewa kopo moja la maziwa saa nne asubuhi, akanywa amesimama, akapangusa mdomo, akarudi kazini akiamini amekwishaoshwa. Kiwanda kilipobadili mikono maziwa yakakatwa. Watu walivumilia mambo mengi mwaka ule, lakini la maziwa lilikuwa linawachoma. Walilizungumza bafuni wakati wa kunawa, walilizungumza getini, mafundi wa tanuri wakaapa kwamba tangu maziwa yakatwe wanatema mate meusi. Basi mkutano ulipofanyika tukakubaliana maombi mawili: mifuko mipya ya Mnyonyaji, na maziwa. Niliyaandika kwa mkono wangu kwenye karatasi ya daftari. Shomari alisimama nyuma yangu akihakikisha mifuko inaandikwa namba moja.

Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Rajabali, Mhindi wa Kishia aliyezaliwa hapahapa Dar, Kiswahili chake cha Kariakoo kuliko changu. Alikuwa na mpwa wake anayeitwa Abbas, injinia, kijana mpole aliyekuwa haoni aibu kutuamkia. Siku moja kabla sijaingia ofisini Abbas aliniita twende kule kwa wasagaji wakati wamekwenda kula. Mashine zilikuwa zimezimwa. Kwenye bati la paa kulikuwa na tundu la msumari, jua la saa sita likipenya hapo na kushuka moja kwa moja mpaka sakafuni. Akaniambia nitazame ndani ya ule mwali. Nikatazama. Mawe yalikuwa yamesimama karibu nusu saa, na bado ndani ya mwanga ule vumbi lilikuwa linaelea, jembamba, linang'aa, halipandi wala halishuki. Nje ya mwali sikuona kitu, hewa ilikuwa safi kabisa machoni pangu. Abbas akasema lile linaloanguka chini tunalifagia, halina neno. Hili lisiloanguka ndilo linalokaa. Nikamwambia ndiyo maana tunaomba maziwa. Akanitazama, nadhani alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kuniudhi. “Dada Kalunde, maziwa yanakwenda tumboni. Vumbi linakwenda kwenye mapafu. Ni njia mbili, hazikutani.”

Nililielewa. Naandika hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujidanganya kwamba sikulielewa, kwamba nilikuwa msichana wa darasa la saba asiyejua mapafu na tumbo. Nimechinja kuku tangu nina miaka minane. Najua koo la chakula na koo la pumzi, nimeyavuta kwa vidole vyangu mara ngapi sijui. Abbas aliposema njia mbili nilimwona yule kuku mbele ya macho yangu.

Ofisi ya Mzee Rajabali ilikuwa ghorofani, chumba kidogo chenye kabati la chuma, kalenda tatu za miaka tofauti na feni ya mezani iliyokuwa ikigeuza shingo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi juu mpaka chini, nami nikampa pole ya msiba. Akatabasamu akasema asante mama, ni msiba wa siku nyingi, zaidi ya miaka elfu, kila mwaka siku hizi tunauomboleza. Nikaona haya. Akanimiminia chai ya rangi yenye iliki, akanisogezea sahani ya chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili, akasoma karatasi yangu mara mbili. Kisha akavua miwani. Akasema mwaka huu anaweza moja, hawezi mbili, na hanidanganyi. Abbas anamwambia ni mifuko, na yeye mwenyewe moyo wake uko kwenye mifuko, ameshaandika na barua ya kuiagiza, haijatumwa tu. “Lakini watu ni wako,” akasema. “Kawaulize. Njoo Jumatatu unijibu.”

Hapo ndipo ulipo mwaka wangu wote, kwenye kiti kile cha plastiki. Ningenyanyuka, ningeshuka ngazi, ningewakusanya, ningewaambia jamani tumepewa moja, semeni. Pengine wangechagua maziwa wenyewe. Nimewaza hivyo mara nyingi sana, na kila nikiwaza namwona Shomari akisimama kwenye mkutano ule na hoja yake ya pipa, na najua wangemsikiliza. Lakini mie nilikuwa na miezi minne tu kwenye uwakilishi, na kulikuwa na watu wakisema mwanamke huyu anapiga kelele tu hatuoni kitu. Mifuko ingefika baada ya miezi kwa meli, ingefungwa ndani ya kijumba, nani angeiona? Maziwa yangekuja wiki ileile, kila mtu angeyashika mkononi na kusema haya ameyaleta Kalunde. Na nilikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwenye chumba cha kupanga Keko, akinywa uji mweupe asubuhi na mweupe jioni. Haya yote yalipita kichwani kwa muda wa kumeza funda moja la chai. Nikamwambia Mzee Rajabali nimeshawauliza. Wanataka maziwa, na wanataka waruhusiwe kwenda nayo nyumbani. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi, mzee. Akacheka kidogo, akavaa miwani, akaiweka ile barua ya mifuko kwenye droo.

Shomari alikuwa ananisubiri chini ya ngazi. Hakuwa na haraka, alikuwa ameegemea ukuta anajipangusa nyusi na kitambaa chake. Akaniuliza kuhusu mifuko. Nilikuwa na ngazi kumi na nane za kuteremka na sikuwa nimetunga neno lolote, kwa hiyo uongo ule ulitoka wenyewe, laini kabisa. Nikasema, “Mifuko amekataa katakata. Maziwa nimempigania mpaka amekubali.” Akatikisa kichwa, akatukana matusi mawili ya Kizaramo ninayoyajua. Halafu akaniwekea mkono begani akasema angalau umepata hilo, mtani, ahsante.

Wiki ile maziwa yakaja. Yaliletwa saa nne kwa gari dogo, kwenye madebe makubwa ya bati, nami ndiye niliyepewa kopo la kupimia. Watu walipanga foleni wakiimba, wasagaji mbele, wananiita Mama Maziwa, na jina hilo likanigandia hadi leo. Nani anywe palepale? Wengi walikuja na vidumu na chupa za soda, wakayafunika vizuri, wakayatunza kivulini mpaka saa ya kutoka. Hata na mie. Jioni chumbani Keko niliyachemsha kwenye jiko la mkaa pale mlangoni, mwanangu amekaa juu ya ndoo akingoja utando, na wapangaji wenzangu wakipita wakisema Kalunde siku hizi umekuwa Mmasai. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya kiasi kile tena.

Jumapili moja nilikwenda kwa Shomari, walikuwa wakiishi Tandika wakati huo, chumba na ukumbi. Mke wake, ambaye namwita wifi kwa vile Shomari alikuwa amekwishakuwa kaka yangu, alikuwa na mtoto wao wa kwanza, Hamisi, mgonjwa mgonjwa, shingo haishiki vizuri, na yeye mwenyewe maziwa ya kifua yalikuwa yamemkauka. Tulikula wali na samaki wa nazi kwenye sinia moja. Pembeni niliona kikombe cha bati kimefunikwa kwa kisahani, na nikamwona wifi akimnywesha Hamisi kidogo kidogo kwa kijiko, akipangusa kidevu. Nikamtania Shomari kwamba kifua chake kitasafishwa na nini kama anampa mtoto dawa yake. Akasema kifua chake ni cha Kizaramo, hakina shida. Kisha akakohoa, mara mbili tatu, vya kawaida tu. Nilivisikia. Nilikuwa nimeshika tonge na sikulitia mdomoni.

Kabla mwaka haujaisha Mnyonyaji alizimwa. Mifuko ilikuwa imeraruka kiasi kwamba feni ilikuwa inakula umeme bure, wakaikata. Bila ngurumo yake kiwanda kikawa na kimya cha ajabu kwa siku chache, mpaka masikio yakazoea. Abbas alikwenda kufanya kazi nje ya nchi, aliniaga kwa heshima zote na hakugusia ile barua. Mie nilijiambia mwaka ujao nitaidai mifuko tena, na kweli niliidai, lakini mzee alikuwa ameanza kuumwa, waliokuwa wakiamua walikuwa wengine, wakaniambia mama si mlichagua wenyewe? Mwaka uliofuata nikaacha kazi, nikaenda kuuza viazi na vitunguu soko la Mabibo, nikasomesha mtoto. Wasagaji wakaendelea kusaga.

Shomari alisaga miaka kumi na mmoja baada ya pale. Kikohozi kikawa chake, watu wakakizoea kama wanavyozoea mlango unaolia. Mara mbili alimezeshwa dozi ya kifua kikuu, miezi sita na miezi sita mingine, ingawa makohozi yake yalipopimwa hayakuonekana na kitu. Baadaye daktari mmoja akatazama picha akamuuliza amefanya kazi gani, na alipojibiwa akairudisha picha kwenye bahasha. Mwishoni alikuwa analala amekaa, mito mitatu nyuma ya mgongo, na kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara moja njiani. Nilikuwa naenda kumwona kila mwezi. Napeleka machungwa, namtania, namwigizia kikohozi chake, tunacheka. Kila nikitoka Goba nilikuwa nimeamua kumwambia. Kila nikirudi Goba nilikuwa sijamwambia. Kuna siku nilianza, nikasema Shomari unakumbuka siku ile ya ofisini, naye akadakia mwenyewe, akasema kama angekuwa na pumzi angekwenda kuuchapa mlango wa yule mzee kwa fimbo.

Na Mzee Rajabali alikuwa amekufa kitambo. Habari zilitufikia tukiwa kwa Shomari, wasagaji watatu wa zamani na mie, tunakula embe. Mmoja akasema Mungu amrehemu, alikuwa na ukarimu wake. Shomari akatua embe kwenye sahani. “Mie simrehemu. Mtu aliyetunyima vitambaa? Akajibu huko aliko.” Wale wawili wakaitikia. Wote wakanigeukia, maana mie ndiye niliyekuwa ofisini, mie ndiye shahidi. Nilisema Mungu ndiye ajuaye. Nilimwachia maiti mzigo wangu, mtu aliyeniambia kawaulize, aliyenipa mpaka Jumatatu. Hilo nalo linanikera, na wakati mwingine linanikera kuliko la kwanza, kwa sababu siku ile sikuwa na miaka ishirini na sita.

Arobaini ya Shomari ilisomwa wiki iliyopita. Wageni walipoondoka, alasiri, nilibaki na wifi chumbani tukikunja mikeka. Wifi akaanza kunishukuru. Alisema kuna jambo hajawahi kunitamkia. Mwaka ule Hamisi alikuwa anakufa, hospitali walimwambia hana ugonjwa, hana chakula tu, na yale maziwa ndiyo yaliyomrudisha. Alisema Shomari hakuyagusa hata siku moja, tangu siku ya kwanza mpaka kiwanda kilipoyakata tena, kopo zima lilikuja nyumbani. Kila akimtazama Hamisi ananikumbuka mie. Alikuwa analia vizuri, bila sauti. Nami sikuweza tena. Nikamwambia. Nikamwambia yote, barua kwenye droo, Jumatatu, ngazi, maneno niliyomwambia mumewe pale chini. Nilisema haraka nikitazama mkeka.

Wifi aliendelea kukunja. Alikunja mkeka wake mpaka mwisho, akaufunga kamba, akausimamisha ukutani. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, pale kwenye mito.

“Yeye alijua?”

“Hakujua.”

Nje vijana walikuwa wanapakia masufuria ya kukodi kwenye gari, Hamisi akiwaelekeza, sauti yake nzito, kifua kipana, mwalimu wa sekondari siku hizi na baba wa watoto wawili. Wifi alikuwa anaisikiliza sauti ile. Nilingoja anitukane, nilingoja anifukuze, na Mungu ananiona, nilikuwa nataka.

“Hamisi asijue,” akasema.

Nikataka kusema kitu, akanizuia kwa mkono.

“Akijua ataona ni yeye aliyemla baba yake. Umekaa nalo miaka yote hii, wifi. Kaa nalo.”

Ndiyo maana majina yote humu nimeyabadili, hata langu. Nilijifunga khanga, nikamuaga wifi, akaniitikia kwa adabu kama tunavyoagana siku zote, ila hakunyanyuka kunifikisha mlangoni. Hamisi aliponiona natoka akawaacha wale vijana, akaninyang'anya kikapu, akasema shangazi huwezi kwenda peke yako mpaka kituo cha bajaji. Tukatembea polepole kwa ajili ya magoti yangu. Njiani aliniambia kwamba shuleni kwao walimu wanachagua mwakilishi mwezi huu, wanamtaka agombee, naye anasita. Akasema baba yake, siku chache kabla hajafa, alimwambia agombee bila kuogopa, awe kama shangazi yake Kalunde, ambaye alipanda kwa tajiri peke yake na hakurudi mikono mitupu. Akanifungulia mlango wa bajaji, akaniwekea kikapu mapajani, akainama akingoja nimjibu. Nikamwambia, “Ahsante, mwanangu. Gombea.”